Baiosensa ya ndizi ya kupima katekoli: mwongozo kamili kwa waliojaribu ikagoma

Malalamiko ya wanaojenga baiosensa hii, yaani elektrodi ya grafiti iliyochanganywa na nyama ya ndizi ili kupima katekoli (kemikali ya jamii ya fenoli), ni yaleyale kila mara. Mmoja anasema nimechanganya ndizi na grafiti, nimeweka katekoli, mkondo umelala tu. Mwingine anasema mkondo unaruka vizuri sana, ila unaruka hata kabla hajaweka chochote. Wa tatu alipata grafu nzuri Jumatatu, Jumatano elektrodi ileile imekufa na hajui kwa nini.

Ukifuatilia unakuta kimeng'enya chenyewe hakina kosa, ndizi ina kimeng'enya cha kutosha na cha kumwaga. Shida ni kwamba watu wanajenga kila kitu kwa mpigo mmoja, alafu kikigoma hawajui ni waya, ni pesti (mchanganyiko wa grafiti na mafuta), ni bafa (maji yanayoshikilia pH) au ni tishu (nyama ya ndizi). Kwa hiyo mwongozo huu unaenda tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lina kipimo chake cha kukuambia endelea au simama hapo. Usiruke. Ukiruka utarudi tu.

## Kwanza elewa nini kinatokea kwenye ncha

Nyama ya ndizi ina kimeng'enya kinaitwa polifenoli oksidesi, ndo hichohicho kinachofanya ndizi iliyokatwa igeuke kahawia. Kina shaba ndani yake na kinatumia oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji kugeuza katekoli kuwa kwinoni.

Sasa hiyo kwinoni ikigusa grafiti ambayo umeishikilia kwenye volti hasi kidogo, inapokea elektroni na kurudi kuwa katekoli, ambayo kimeng'enya kinaidaka tena. Elektroni zinazopita hapo ndo mkondo unaousoma, na kwa sababu molekuli moja inazunguka mara nyingi signali inakuwa kubwa kuliko ungetegemea kwa kiasi kidogo hivyo cha katekoli.

Shika mambo matatu hapo: bila oksijeni hakuna kitu, bila kimeng'enya hai hakuna kitu, na kitu chochote kitakachoigusa kwinoni kabla ya elektrodi kuifikia kitakuibia signali. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo huko mbele linarudi kwenye mojawapo ya hayo.

## Vitu vya kuandaa

Vifaa:

- Potenshiostati (kifaa kinachoshikilia volti na kusoma mkondo) yoyote inayosoma hadi nanoampea. Multimita peke yake haitoshi kwa kipimo chenyewe, ila iwe nayo kwa kukagua waya.
- Elektrodi rejea (ya kulinganishia volti) ya fedha na kloridi ya fedha, na elektrodi saidizi (ya kukamilisha njia ya mkondo) ya waya wa platinamu au fimbo ya grafiti.
- Kikorogeo cha sumaku, bika ndogo ya mililita 20 hivi, pipeti ya maikrolita 10 hadi 100.
- Mizani inayosoma miligramu, mita ya pH, kinu kidogo na mchi.
- Sirinji za plastiki za mililita 1, waya wa shaba, karatasi nyeupe ya kawaida na msasa laini.
- Glavu, miwani ya kinga, na chupa yenye lebo kwa ajili ya taka.

Kemikali na tishu:

- Poda ya grafiti, laini na safi.
- Mafuta ya madini, yale mazito yasiyo na harufu wala rangi. Mafuta ya kupikia achana nayo, yanaoza na yanaleta vitu vyake kwenye signali.
- Potasiamu dihidrojeni fosfeti na disodiamu hidrojeni fosfeti, isiyo na maji ndani yake.
- Katekoli, potasiamu ferisianidi, potasiamu kloridi, na kidogo cha asidi ya kojiki.
- Ndizi mbivu iliyo njano yote, isiyo na madoa meusi.

Onyo la katekoli: inaunguza ngozi na macho na inapenya kwenye ngozi hadi mwilini. Pima ukiwa umevaa glavu na miwani, usivute vumbi lake, na usimwage mabaki kwenye sinki.

## Hatua ya 1: Tengeneza bafa

Yeyusha gramu 13.6 za potasiamu dihidrojeni fosfeti kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa ioni, hiyo iite A. Yeyusha gramu 14.2 za disodiamu hidrojeni fosfeti kwenye lita nyingine, hiyo iite B. Zote mbili ni 0.1 molari. Changanya A na B kwa uwiano wa karibu 7 kwa 3, alafu weka mita ya pH na uongeze moja au nyingine kidogokidogo hadi ufike 6.5.

Kwa nini 6.5? Kimeng'enya cha ndizi kinafanya kazi vizuri kwenye eneo la karibu na hapo, na muhimu zaidi katekoli ikiwa kwenye bafa ya alikali inaanza kujioksidisha yenyewe bila msaada wa ndizi, sasa utajuaje nani kafanya kazi?

Usiweke sodiamu azidi kuzuia bafa isioze. Maabara nyingi zina mazoea hayo, lakini azidi inashika ile shaba ya kimeng'enya na kukizima. Weka bafa kwenye friji na utengeneze mpya ikianza kuwa na ukungu.

## Hatua ya 2: Tengeneza katekoli ya akiba

Pima miligramu 55 za katekoli, yeyusha kwenye mililita 50 za maji. Umepata milimolari 10. Tumia chupa ya rangi ya kahawia au ifunge kwa karatasi ya foili, weka kwenye barafu.

Tengeneza siku hiyohiyo unayopima. Ikiwa nzuri haina rangi kabisa. Ukiona imeanza kuwa pinki au kahawia mwaga kwenye chupa ya taka na uanze upya, maana sehemu yake imeshageuka na namba ulizoandika kwenye lebo si kweli tena.

## Hatua ya 3: Mwili wa elektrodi

Kata ncha ya sirinji ya mililita 1 pale inapoanza kuwa nyembamba ili ubaki na bomba lililo wazi, na usawazishe mdomo kwa msasa. Chukua waya wa shaba, menya kipande cha mwisho, usugue hadi ung'ae. Waya utaingia kwa juu, kupitia kwenye kisukumio cha sirinji ulichokitoboa, na utazama ndani ya pesti.

Angalizo moja tu hapa lakini kubwa: ncha ya shaba isikaribie mdomo wa chini, iache na angalau milimita 5 za pesti chini yake. Shaba ikigusa maji inaanza kutoa mkondo wake yenyewe, mkubwa na usiotulia, na hakuna kusafisha data kutakokuokoa.

## Hatua ya 4: Pesti tupu, na jaribio ambalo wengi wanaliruka

Usiguse ndizi bado.

Changanya gramu 0.70 za grafiti na gramu 0.30 za mafuta kwenye kinu. Twanga na kukanda kama dakika 20 hadi isionekane sehemu kavu wala sehemu inayong'aa mafuta. Pesti nzuri inashikamana kama dawa ya meno iliyoanza kukauka, ikibomoka imekosa mafuta, ikiteleza na kuacha doa la mafuta kwenye karatasi imezidi. Mafuta mengi yanafunika grafiti na mkondo unakuwa mdogo na mvivu, mafuta kidogo yanaruhusu maji kupenya ndani na mstari wako hautatulia.

Jaza bomba kwa kushindilia mdomo wake kwenye pesti mara nyingi, kidogokidogo, ukisukuma hewa itoke. Kiputo cha hewa katikati kinaweza kukata njia kabisa. Mwisho sugua mdomo kwenye karatasi nyeupe kwa mizunguko myepesi hadi uso ung'ae kama kioo cheusi.

Sasa vipimo viwili.

Cha kwanza ni multimita: mguu mmoja kwenye waya, mwingine gusa pesti taratibu. Unataka makumi ya omu. Ukiona maelfu, waya haujashika au kuna hewa, kwa hiyo toa ujaze tena.

Cha pili ni ferisianidi. Yeyusha miligramu 33 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 za potasiamu kloridi ya 0.1 molari, hiyo ni milimolari 1. Peleka volti kutoka +0.6 hadi −0.2 na kurudi, kwa kasi ya milivolti 50 kwa sekunde. Uone vilima viwili, kimoja kwenda na kimoja kurudi. Kwenye elektrodi kamilifu umbali kati yao ni milivolti 59, kwenye pesti unakuwa mpana zaidi, 100 hadi 250 ni kawaida na tunaishi nayo. Ukipata mstari ulioinama bila vilima, hiyo ni ukinzani mkubwa, rudi kwenye kushindilia. Ferisianidi isikutane na asidi kali hata kwenye chupa ya taka, inaweza kutoa gesi ya sianidi.

Rudia kwa elektrodi tatu. Zikitoa vilima vinavyofanana, umeshajua mikono yako inaweza kutengeneza kitu kilekile mara mbili. Zikitofautiana sana ndizi haitakusaidia chochote, itaongeza tofauti tu.

## Hatua ya 5: Andaa tishu

Menya ndizi, kata katikati yake, chukua nyama iliyo kati ya ganda na mbegu. Ganda usilitumie. Lina dopamini nyingi, na dopamini ni ndugu wa karibu wa katekoli, kimeng'enya kitaishambulia kama chakula na wewe utasoma mkondo ambao hukuuweka. Hata nyama ina dopamini kidogo, ndo sababu moja elektrodi mpya inaonyesha mkondo wa juu mwanzoni alafu unashuka taratibu.

Fanya haraka. Ndani ya dakika chache nyama inaanza kuwa kahawia, maana yake kimeng'enya kinatumika kabla hujakifikisha kwenye elektrodi, na zile kwinoni zinazotengenezwa zinakigeukia kimeng'enya chenyewe na kukiharibu.

Na tafadhali usinyunyize limau wala vitamini C ili isigeuke rangi. Ni wazo linalomjia karibu kila mtu. Vitamini C inarudisha kwinoni kuwa katekoli kabla elektrodi haijaiona, kwa hiyo umejiwekea mwizi ndani ya nyumba.

Gawa nyama mafungu mawili. Moja liweke kwenye barafu kama lilivyo. La pili litie kwenye mfuko mdogo wa plastiki, toa hewa, ufunge, uchemshe kwenye maji yanayotokota dakika 10. Hili la pili ndo kontroli yako (kipimo cha kulinganishia, kimeng'enya chake kimekufa), na kama unataka kuokoa muda kwenye mwongozo huu okoa kwingine kokote lakini si hapa.

## Hatua ya 6: Changanya pesti hai na pesti mfu

Pima gramu 0.10 za nyama mbichi, iponde kwanza peke yake kwenye kinu kilichopozwa hadi iwe laini kabisa. Ongeza gramu 0.63 za grafiti, kanda hadi rangi iwe moja. Mafuta, gramu 0.27, yaje mwisho. Mpangilio huu una sababu: tishu ina maji, na ukiitia kwenye mafuta kwanza inajikunja kuwa vidonge vilivyozungukwa na mafuta, katekoli haifiki ndani.

Rudia hivohivo kwa nyama iliyochemshwa, kwa uzito uleule. Kinu tofauti, au kioshwe kwa sabuni na kukaushwa vizuri.

Usidanganyike kwamba tishu nyingi ni signali nyingi. Ukifika asilimia 20 na kuendelea pesti inakuwa mbovu, inavimba kwenye maji, grafiti inapungua kwenye uso na mkondo unaweza hata kushuka. Anza na asilimia 10, ukishaizoea cheza nayo.

Jaza elektrodi tatu za hai na mbili za mfu. Sehemu ya juu ya bomba unaweza kujaza pesti tupu uliyobaki nayo na kuweka ile yenye tishu milimita 3 au 4 za mwisho tu, inaokoa tishu na waya unashika vizuri zaidi.

## Hatua ya 7: Acha mstari utulie

Weka mililita 10 za bafa kwenye bika, joto liwe nyuzi 25 na lisibadilike. Washa kikorogeo, kasi ya wastani, na usiiguse tena hadi umalize kwa sababu kasi ya kukoroga inabadilisha ni katekoli kiasi gani inafika kwenye uso. Weka elektrodi tatu, yaani moja ya pesti, rejea na saidizi, shikilia volti kwenye −0.2 dhidi ya elektrodi rejea.

Hapa waliosoma elektrokemia ya darasani wanaangukia pua. Wamefundishwa kwamba kabla ya kipimo chochote cha volti hasi unapitisha naitrojeni kufukuza oksijeni, basi wanapitisha, alafu wanashangaa mbona ndizi haifanyi kazi. Umeinyima pumzi! Kwenye −0.2 grafiti haishughuliki sana na oksijeni, usiogope, acha bafa iwe wazi kwa hewa.

Kwa nini −0.2 na si zaidi? Ukienda hasi sana oksijeni yenyewe inaanza kupokea elektroni na makelele yanapanda. Ukienda upande wa chanya unaanza kuoksidisha kila kitu kilichopo kwenye sampuli, vitamini C ikiwemo, na unapoteza uteuzi ambao ndo sababu ya kutumia kimeng'enya.

Mkondo utaanza mkubwa na kushuka. Subiri. Inaweza kuwa dakika 10, inaweza kuwa nusu saa kwa elektrodi mpya. Umefanikiwa pale ambapo kwa dakika mbili nzima mstari hautelemki kuliko makelele yake ya kawaida. Ukikosa subira hapa ngazi zako zote zitakaa juu ya mteremko na hutajua kipi ni kipi.

## Hatua ya 8: Dondosha katekoli

Dondosha maikrolita 10 za akiba, karibu na kikorogeo, si juu ya elektrodi. Kwa mililita 10 za bafa hiyo ni nyongeza ya maikromolari 10. Mkondo utaruka na kukaa, unaonekana kama ngazi. Programu nyingi zinauonyesha ukienda chini kwa sababu ni mkondo wa upunguzaji (kwinoni inapokea elektroni), kwa hiyo usione ngazi za kushuka ukadhani umegeuza waya.

Angalia ngazi ya kwanza kwa karibu, ina mengi ya kusema. Ikipanda kali na kutulia ndani ya nusu dakika hivi, elektrodi ni nzima. Ikipanda pole kwa dakika kadhaa, tishu imefungiwa na mafuta au tabaka ni nene. Ikiruka kama mshale alafu ikaanguka palepale ilipotoka, hiyo si kemia kabisa, ni mkono wako umegusa waya au pipeti imetikisa bika.

Ikishatulia ongeza maikrolita 10 nyingine, na nyingine, hadi ngazi 10. Mwisho utakuwa na maikromolari 100 na ujazo umeongezeka asilimia 1 tu, unaweza kuupuuza.

## Hatua ya 9: Kontroli tatu kabla ya kushangilia

Kontroli ya kwanza, elektrodi mfu. Rudia hatua ya 7 na 8 kwa pesti ya nyama iliyochemshwa. Inatakiwa ikae kimya au itoe vingazi vidogo visivyo na maana. Ikitoa ngazi kubwa kama ile hai, unachokipima si kimeng'enya, labda katekoli imeshageuka kwinoni kwenye chupa au volti haiko ulipodhani. Elektrodi rejea ikikauka ndani volti yote inahama, ikague.

Kontroli ya pili, kizuizi. Kwenye elektrodi hai iliyo kwenye maikromolari 50 ongeza asidi ya kojiki kidogokidogo. Inashika shaba ya kimeng'enya, mkondo utashuka wenyewe. Ukishuka, umethibitisha.

Kontroli ya tatu, sasa ndo wakati wa ile naitrojeni. Pitisha kwenye bika dakika kadhaa, mkondo ushuke, zima na uache hewa irudi, mkondo upande. Inapendeza kuangalia, na kwa wanafunzi hakuna somo zuri zaidi la kwamba oksijeni ni mshiriki kamili kwenye mmenyuko huu.

Mtu asiponionyesha elektrodi mfu iliyokaa kimya, mimi grafu yake siijadili.

## Hatua ya 10: Chora grafu

Urefu wa kila ngazi toka kwenye mstari wa mwanzo uweke kwenye mhimili wima, maikromolari kwenye mhimili mlalo. Mwanzoni utapata mstari mnyoofu, baadaye utaanza kupinda na kulala. Kupinda si kosa: kimeng'enya kimejaa, kila molekuli yake ina kazi, ukiongeza katekoli inasubiri foleni. Tumia sehemu iliyonyooka tu kwa kupimia na usilazimishe mstari upite kwenye nukta zilizopinda eti upate data nyingi.

Kiwango cha chini unachoweza kutambua unakipata kwa kuchukua mtawanyiko sanifu wa mstari tulivu, zidisha kwa 3.3, gawa kwa mteremko wa grafu. Tuseme mstari wako una mtawanyiko wa nanoampea 3 na mteremko ni nanoampea 8 kwa kila maikromolari: 3.3 mara 3 gawa kwa 8, unapata kama maikromolari 1.2. Chini ya hapo unabahatisha.

## Hatua ya 11: Sampuli halisi

Sampuli halisi ina chumvi, rangi, asidi, fenoli nyingine, kila kitu. Kwa hiyo usichukue grafu uliyoitengeneza kwenye bafa safi ukaitumia moja kwa moja, tumia njia ya kuongeza ndani ya sampuli yenyewe.

Weka mililita 9 za bafa, ngoja itulie, ongeza mililita 1 ya sampuli iliyochujwa na kurekebishwa pH iwe 6.5. Soma ngazi. Alafu ongeza maikrolita 10 za akiba mara mbili au tatu, soma kila ngazi. Mfano: sampuli imetoa nanoampea 120 na kila nyongeza ya maikromolari 10 imetoa 80, basi mteremko ndani ya sampuli hiyo ni 8, na kwenye bika kuna maikromolari 15. Uliichanganya mara kumi, kwa hiyo sampuli ina maikromolari 150.

Kama mteremko ndani ya sampuli ni mdogo sana kuliko wa bafa safi, kuna kitu kinazuia kimeng'enya au kinakula kwinoni. Vitamini C ndo mshukiwa wa kwanza. Chuja zaidi, punguza makali kwa bafa zaidi, jaribu tena.

Na uwe mkweli kwenye ripoti. Kimeng'enya hiki hakijui katekoli peke yake, kinakula dopamini na fenoli nyingine zenye hidroksili mbili jirani, ila kwa fenoli za hidroksili moja cha ndizi ni kivivu. Andika "fenoli, zikihesabiwa kama katekoli" isipokuwa una uhakika hakuna kingine.

## Ikigoma, anzia hapa

Hakuna ngazi kabisa. Uliza oksijeni ipo? Azidi ipo kwenye bafa? Kifaa kimewekwa kwenye kipimo cha miliampea wakati signali ni ya nanoampea? Hili la mwisho linawapata watu wengi kuliko wanavyokubali.

Ngazi zinapungua kadri unavyoendelea, hata kabla ya kufika juu. Kwinoni zinaungana na kutengeneza utando wa kahawia juu ya uso. Sukuma pesti itoke kama milimita 1, ifute, sugua upya kwenye karatasi. Uzuri wa pesti ni huo, una uso mpya wakati wowote, lakini baada ya kusugua rudia ngazi moja ya kujua kama mteremko umebaki palepale.

Makelele yanayocheza kwa mpigo mmoja usiokatika. Mara nyingi ni umeme wa ukutani. Fupisha waya, sogeza kikorogeo mbali na chaja za simu, funika bika kwa foili iliyounganishwa na ardhi.

Elektrodi mbili za pesti moja hazifanani. Hewa ndani, au tishu haikupondwa vizuri. Tishu yenye vipande ni bahati nasibu.

## Kuitunza

Ikiwa haitumiki ifute, ifunike kwa kifuniko chenye tone la bafa kisikauke, iweke kwenye friji nyuzi 4. Usiigandishe ikiwa imeshajazwa, barafu inapasua pesti na ukiitoa uso unakuwa na nyufa. Kila asubuhi kabla ya kazi dondosha maikromolari 10 moja na uandike urefu wa ngazi kwenye daftari. Ukishuka chini ya nusu ya siku ya kwanza hata baada ya kusugua, tengeneza pesti mpya. Ndizi zinatofautiana kwa ukomavu, kwa hiyo pesti mpya ni kalibresheni mpya, usikopi mteremko wa zamani.

Ukishaiweza hii, mwili uleule wa elektrodi unakubali tishu nyingine. Mzizi wa hosiradishi una peroksidesi na unapima hidrojeni peroksaidi, kiazi mviringo kina kimeng'enya cha jamii moja na cha ndizi. Ganda la tango lina oksidesi ya vitamini C, ila hilo linakaa vizuri zaidi juu ya elektrodi ya oksijeni kuliko kwenye pesti, na unga wa mbegu za Canavalia ensiformis (mmea wa jamii ya maharage) wenye urease (kimeng'enya kinachovunja urea) unahitaji elektrodi ya amonia. Kwa zote hizo kontroli ya tishu iliyochemshwa inabaki ileile, badilisha tu unachodondosha.